Kosa si ulaini wa kuni, ni ubichi wake

Katika kata ya Lobule, wilayani Koboko, Uganda, kuni zina madaraja. Juu kabisa ziko za miti migumu ya porini, jamii ya mlama na mgunga, ambazo mama akizipata huziweka kando kwa ajili ya maharage. Chini kabisa ziko zile zinazookotwa kwa shingo upande: tawi la mkuyu lililoangushwa na upepo, mabua ya mbaazi, matawi ya mwembe uliopogolewa, vipande vya msonobari vilivyotupwa na maseremala wa Koboko mjini. Hizi huhesabiwa kuwa za kuwashia tu, kana kwamba kazi yake inaisha moto ukishashika. Asiye na nyingine huzichoma huku akinung'unika, na mwenye nguvu za kwenda mbali huzipita, akaelekea porini na panga lake. Madaraja hayo yamepangwa kwa kigezo kisichofaa. Yanauliza mti ni mgumu kiasi gani, wakati swali linalomhusu mpishi ni ukuni umekauka kiasi gani, na kosa hilo linalipiwa na miti ambayo ikishakatwa hairudi kabla mtoto wa leo hajawa mzazi.

Makazi ya wakimbizi ya Lobule si makubwa. Yalifunguliwa mwaka 2013 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, wengi wao Wakakwa waliovuka mpaka wakapokewa na Wakakwa wenzao, na idadi yao ni elfu chache tu. Jirani, wilayani Yumbe, makazi ya Bidibidi yalifunguliwa Agosti 2016, na kabla mwaka haujaisha yalikuwa yameshapokea watu zaidi ya laki mbili. Udogo huo unaifanya Lobule iwe pazuri pa kulitazama jambo hili, maana hapa huwezi kuusingizia umati. Mgeni na mwenyeji wanapikia mafiga ya namna moja na wanapishana njia moja wakienda kuokota kuni. Tena kabla wakimbizi hawajafika, miti ya Koboko, Maracha na Arua ilikuwa imekatwa kwa miongo kadhaa kukaushia tumbaku, kuchomea matofali na kutengenezea makaa. Kwa takwimu za serikali, ardhi ya Uganda yenye misitu ilishuka kutoka asilimia 24 mwaka 1990 hadi asilimia 9 hivi mwaka 2015, kwa hiyo anayeinyoshea kidole familia yenye sufuria moja amebisha mlango usio wenyewe. Mei 2023 Rais Museveni alitoa amri ya kupiga marufuku biashara ya makaa kaskazini mwa nchi. Amri hiyo ilimlenga mchoma makaa na lori lake. Mpishi haikumgusa, wala haikuweza kumgusa, kwa kuwa jioni ikifika lazima sufuria ikae motoni.

Tuanze na mizani. Ukizikausha kuni za aina mbalimbali mpaka maji yote yaishe, kisha ukazipima kwa kilo, joto zinalotoa linakaribiana sana: megajuli 18 hadi 20 hivi kwa kilo, iwe mgunga au mkuyu. Msonobari hata huzidi kidogo kwa sababu ya utomvu wake. Kinachoutenga mti mgumu na mlaini ni wingi wa mti ulioshindiliwa katika nafasi moja. Mita ya ujazo ya mlama mkavu inaweza kufika kilo 850. Ya mkuyu huwa kati ya 400 na 500. Sasa ongeza maji. Kilo moja ya kuni ambayo nusu yake ni maji hutoa megajuli 8 hivi. Kuni hizohizo zikikauka kwa hewa na kubakiwa na maji ya asilimia 15, kilo moja hutoa 15 au zaidi kidogo. Sehemu kubwa ya pengo hilo inatokana na kwamba nusu ya kilo ya kwanza haikuwa mti, na sehemu iliyobaki ni moto uliopotea kwa kuyachemsha maji ya ndani ya ukuni kabla ya yale ya sufuriani. Mti uleule mmoja, basi, hutofautiana maradufu kati ya ubichi na ukavu, ilhali mti mgumu na mlaini, yote ikiwa mikavu na kupimwa kwa kilo, hupishana kwa kiasi ambacho mpishi hawezi kukihisi.

Hapa ndipo ilipozaliwa sifa mbaya ya kuni laini. Mti mwepesi una vijinafasi vingi ndani yake, na ukiwa hai vijinafasi hivyo hujaa maji. Tawi la mkuyu lililokatwa leo linaweza kubeba maji yenye uzito sawa na wa mti wenyewe, au kuuzidi. Mgunga umeshonana, hauna pa kuyaweka maji mengi kiasi hicho. Mpishi akizichoma zote mbili wiki zilipokatwa, mgunga utashinda, naye atahitimisha kwamba umeshinda kwa ugumu wake, na haki anayo, kwa sababu hivyo ndivyo macho yake yalivyoona. Lakini njia zilezile zinazobeba maji ndani ya mti mlaini ndizo zinazoyatoa upesi. Tawi la mkuyu lenye unene wa kifundo cha mkono, likipasuliwa katikati na kuwekwa penye upepo wakati wa kiangazi, hukauka kwa wiki chache. Gogo la mgunga lenye gome lake huweza kumaliza msimu mzima likiwa bado na unyevu moyoni. Wahenga walisema panapofuka moshi pana moto. Jikoni mambo ni kinyume kidogo: panapofuka moshi mzito ndipo moto haujakamilika, kwa sababu moshi ni sehemu ya kuni iliyokosa joto la kutosha kuungua ikatoroka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa nyumbani wa kuni, makaa, kinyesi cha ng'ombe na mafuta ya taa ulihusika na vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Kuni kavu hazimalizi balaa hilo, lakini kumwambia mama aache kuni laini kwa kuwa zina moshi, kisha akaenda kukata mgunga mbichi, ni kumtoa kwenye moshi mmoja na kumwingiza kwenye mwingine.

Hesabu ya kilo ina maana ya pekee kwa anayebeba kwa kichwa. Mwanamke anayetwishwa kilo 20 amebeba kilo 20. Shingo yake haiulizi ni za mti gani. Mzigo wa kuni laini kavu utakuwa mkubwa kwa umbo, pengine maradufu, utamsumbua kwenye vichochoro na kumkwaza upepo ukivuma, lakini joto lililomo ni lilelile. Ikiwa kuni hizo zimeokotwa karibu na nyumbani, saa alizookoa ni zake, na hatari alizoepuka pia, maana katika makazi mengi ya wakimbizi ni huko mbali porini wanakoshambuliwa au kugombana na wenye mashamba. Sokoni hali ni tofauti, na hapo mnunuzi anapaswa kufumbua macho. Kuni huuzwa kwa fungu. Fungu la mkuyu na fungu la mlama yenye unene mmoja hayawezi kuwa na bei moja, kwa sababu la kwanza lina karibu nusu tu ya joto la la pili. Anayeuziwa yote kwa bei ileile ameibiwa bila mwizi kujijua. Mizani ya kuning'iniza ingesaidia, ila nayo ina hila yake: maji yana uzito, na muuzaji wa kuni mbichi ndiye angependelea kupimiwa. Kwa hiyo kupima peke yake hakutoshi. Lazima mnunuzi ajue kuutambua ukavu.

Ujuzi wa kuutambua haukuanza leo, umepuuzwa tu. Chukua vipande viwili uvigonganishe. Vikavu hulia kwa sauti kali iliyo wazi, vibichi hutoa mdundo mzito usio na mwangwi. Tazama kichwa cha ukuni, pale ulipokatwa: mkavu huwa na nyufa zinazotoka katikati kuelekea pembeni, na gome lake hubanduka kwa kidole. Vunja kijiti, kikikatika kwa mlio kimekauka, kikipinda na kuacha nyuzi bado. Ulaini nao hupimwa kwa ukucha, kwa kuwa miti mingi laini hukubali alama ya ukucha na migumu huikataa, lakini kipimo hiki kina mtego: ukucha ukizama kama kwenye mkate, huo si ulaini, ni uozo. Ukuni uliooza huwa mwepesi kupita kiasi, hubonyea, pengine una kuvu au vichuguu vya mchwa, na sehemu kubwa ya joto lake imeshaliwa na kuvu na wadudu. Ni vizuri uachwe pale ulipo. Watu wa mazingira watafurahi kusikia hivyo, kwani miongoni mwa wanaosema kuokota kuni kunainyima ardhi mbolea yake, hoja yao yenye nguvu kuliko zote inahusu miti iliyokwisha kuoza na majani makavu, vitu ambavyo jiko halivihitaji. Tawi kavu, ambalo halijaoza, lililolala chini lina thamani ndogo zaidi kwa udongo, na hata hivyo kuliokota ni nafuu kuliko kuukata mti unaoishi.

Ipo miti ya kuogopwa. Mnyaa na jamaa zake wenye utomvu mweupe kama maziwa hawafai hata wakikauka. Moshi wao huwasha macho na koo. Maua ya oleanda yanayopandwa kuzunguka nyumba za mjini yana sumu kila sehemu ya mmea, matawi yakiwemo. Mwembe ni jamaa ya mkorosho, na wapo watu ambao ngozi yao huvimba kwa utomvu wake, hivyo mwenye mzio huo asikae upande wa moshi. Hatari iliyo kubwa kuliko zote haitoki porini. Mabaki ya mbao yaliyopakwa rangi, plaiwudi, na vipande vya nguzo za umeme zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa huonekana kama zawadi kwa mwokotaji kwa kuwa ni vikavu na vinawaka mara moja. Nguzo hizo mara nyingi huwa na rangi ya kijani iliyofifia, na dawa yake ina shaba, kromiamu na aseniki. Moto hauziondoi sumu hizo. Aseniki nyingine huruka na moshi na nyingine hubaki kwenye majivu, yale majivu ambayo baadaye husuguliwa sufuria au kumwagwa kwenye bustani ya mboga. Vipande vya seremala vichukuliwe, lakini vile tu ambavyo upande wa ndani na wa nje vina rangi ya mbao yenyewe.

Pingamizi zito linatoka jikoni, na linastahili kujibiwa kwa heshima. Maharage makavu yanahitaji saa mbili au tatu za moto wa taratibu. Mgunga hukupa kaa jekundu linalokaa. Mkuyu huwaka kwa pupa, ukageuka majivu ukiwa bado unatafuta kifuniko cha sufuria. Hili ni kweli. Ni kweli pia kwamba hakuna anayelazimika kuchagua upande mmoja tu. Moto unaweza kuwashwa na kupandishwa kwa kuni laini mpaka maharage yachemke, kisha kuni mbili za mti mgumu zikayamalizia. Anayepika hivyo anakuwa amezitumia kuni ngumu pale tu ugumu wake unapolipa. Maharage yakilowekwa usiku kucha, muda wa kupika hupungua sana, jambo linalojulikana na kila mtu na kufanywa na wachache. Vyakula vingi vya kila siku vya West Nile, eneo ambamo Koboko imo, tena, havihitaji kaa la kukaa. Ugali wa muhogo unataka maji yachemke haraka na moto mkali kwa dakika chache. Majani ya kunde hayahitaji hata hizo. Uji na chai hali kadhalika. Kwa kazi hizi kuni laini kavu si mbadala wa shida. Ndiyo inayofaa, kwa sababu mwali wake ni mkubwa na wa haraka. Hapo ndipo jiko la udongo lenye mdomo mwembamba, lile lililoenezwa Uganda kwa jina la Rocket Lorena, linapokutana vizuri na kuni za aina hii. Mafiga matatu hupeleka kwenye sufuria asilimia 10 hadi 15 hivi ya joto na lililobaki huchukuliwa na upepo. Jiko la mdomo mwembamba limeundwa lile vijiti vya unene wa kidole gumba, vinavyosogezwa kidogo kidogo. Gogo la mgunga haliingii humo mpaka lipasuliwe kwa shoka na mwenye misuli. Kijiti cha mbaazi au cha mwembe kinaingia chenyewe.

Wengine watauliza: nani ana nafasi na subira ya kukausha kuni, wakati za leo zenyewe hazijapatikana? Swali la nafasi lina jibu la hesabu. Tuchukue familia inayochoma kilo 5 kwa siku. Akiba ya mwezi ni kilo 150, na kwa kuni laini kavu zilizopangwa vizuri hiyo ni rundo la urefu wa mita 2, kimo cha mita 1 na kina cha sentimita 30. Linaegemea ukutani chini ya mchirizi wa nyasi au bati, juu ya miti miwili iliyolazwa ili unyevu wa ardhi usipande. Katika chumba cha jiko, uchaga juu ya mafiga hukausha za siku mbili tatu zijazo kwa joto ambalo lingepotea bure. Swali la subira ni gumu zaidi, maana akiba haianzi bila kuwa na ziada siku ya kwanza, na familia iliyopunguziwa mgao wa chakula haina ziada ya kitu chochote. Hapo ndipo mashirika yanayohudumia wakimbizi na ofisi za wilaya zingeweza kufanya jambo lisilo na gharama kubwa: kutoa mzigo wa kwanza. Tayari yanatoa majiko na miche. Familia iliyopewa kuni kavu za wiki tatu inaweza kuokota za leo kwa ajili ya mwezi ujao, na kuanzia hapo mzunguko unajiendesha. Jiko lililotolewa bila kuni kavu hutoa moshi uleule kupitia tundu zuri zaidi.

Kuna wanaosema mazungumzo haya yote ni kuwafunga watu wa Koboko kwenye kuni, wakati dunia inaelekea kwenye gesi na umeme. Laiti ingekuwa kesho. West Nile ilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, ikitegemea majenereta na kituo kidogo cha Nyagak chenye megawati 3.5, na hata waya ukifika mlangoni, bili ya kuchemshia maharage kwa umeme ni suala jingine. Mtungi wa gesi ni mzuri kwa anayeweza kuujaza tena. Anayetaka watu wahame kuni atawasaidia zaidi kwa kuiacha miti migumu isimame katika muda huo wa kungoja kuliko kwa kuwaahidi jiko la umeme wakiwa na panga mkononi. Na zipo faida ambazo biashara ya makaa haiwezi kuzinyang'anya. Mchoma makaa huitaka miti migumu, ukiwemo mti wa shea ambao mafuta yake ni mali ya wanawake wa kaskazini, kwa kuwa makaa ya mti mlaini ni mepesi na husagika garini kabla ya kufika Kampala. Kuni laini ndizo pekee ambazo lori halizihitaji. Zinabaki kwa mpishi, kama atazikubali.

Linabaki suala la mwenye mti. Ardhi ya Lobule ni ya kimila, wenyeji ndio walioitoa kwa ajili ya wakimbizi, na tawi lililoanguka chini ya mwembe wa mtu bado lina mwenyewe. Sheria ya Taifa ya Misitu na Upandaji Miti ya mwaka 2003 inamruhusu mwanajamii kuchukua kuni kavu katika hifadhi ya msitu bila malipo, kwa matumizi ya nyumbani na kwa kiasi cha wastani, lakini haisemi lolote la kumsaidia anayesimama kwenye kiwanja cha shule, kando ya barabara, au chini ya mitiki ya jirani iliyopogolewa. Mapengo hayo yanaweza kuzibwa na baraza la kata, ambalo Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 imelipa uwezo wa kutunga sheria ndogo. Sheria ndogo ya Lobule haihitaji kuwa ndefu. Itaje sehemu za umma ambapo matawi yaliyoanguka ni halali ya mwokotaji, mgeni na mwenyeji sawasawa. Itaje siku ambazo shule na makanisa hupogoa miti yao ili watu wajue. Iruhusu mwenye shamba kuuza matawi ya kupogolewa kwa bei inayojulikana. Na iweke wazi kwamba panga halipandi juu ya mti uliosimama. Miche inayogawiwa nayo ichanganywe. Pamoja na mikaratusi ya nguzo na mitiki ya mbao, kuwe na mbaazi kwenye mipaka ya mashamba, na miti inayochipua upya ikikatwa, kama gmelina na mjohoro, ili baada ya miaka michache kuni zitoke shambani. Na kama sheria hiyo itatungwa, ipitishwe kabla ya Novemba. Mvua za Koboko hukatika karibu na mwisho wa mwaka na kurudi Machi au Aprili. Tawi lililopasuliwa Desemba huwa kavu mvua zikianza, na lililopasuliwa Mei litafuka moshi mpaka Oktoba.